Bei Si Shahidi wa Ubora

Juma hili twataka kusema neno juu ya jambo ambalo kila mtu hulifanya sokoni, na wachache hulifikiri wakisharudi nyumbani. Jambo lenyewe ni hili. Mtu akiwekewa vitu viwili mbele yake, kimoja cha bei kubwa na kimoja cha bei ndogo, naye hajui tofauti yake, mara nyingi moyo wake humwambia kuwa kile cha bei kubwa ndicho bora. Hajakishika, hajakionja, hajauliza kimetoka wapi. Bei imekwisha kumjibia.

Tuseme mgeni ameshuka katika treni pale stesheni ya Urambo, naye ataka asali ya kupelekea jamaa zake Dar es Salaam. Chini ya mwembe wamekaa wauzaji wawili. Wote wawili wametoa asali yao katika miyombo ile ile, kwa nyuki wale wale, katika msimu mmoja. Wa kwanza anataja bei ndogo, kwa kuwa ana sare za shule za kununua na hataki kulala na mzigo. Wa pili anataja bei maradufu. Mgeni wetu anainua chupa ya kwanza, anaitikisa, anaitazama kwenye jua, anauliza: "Mzee, hii haina sukari kweli?" Chupa ya pili haiulizwi swali. Analipa, anashukuru, anakwenda zake. Mmoja amesema kweli akatiliwa shaka. Mwenzake hakusema lolote, akaaminiwa.

Hapo ndipo penye uchungu wetu. Yule mzee hakupoteza fedha peke yake. Amepoteza na heshima ya kazi yake. Alipanda mti usiku na moshi mkononi, akaumwa, akateremsha masega, akachuja. Mwisho wa yote akaambiwa, bila kuambiwa kwa maneno, kuwa kwa kuwa hakujitoza mgeni ghali basi huenda ni mwongo. Na kesho yake, akiwa mtu mwenye akili, atafanya nini? Atapandisha bei bila ya kuongeza usafi hata chembe. Tumemfundisha sisi wenyewe.

Hatusemi kuwa mnunuzi ni mpumbavu. La hasha. Kitu kizuri mara nyingi hugharimu. Fundi anayepiga randa ubao mpaka ukalainika hutumia siku mbili pale ambapo mlipuaji hutumia nusu siku, na hizo siku sharti zilipwe. Mwaka 1944 mwanauchumi Tibor Scitovsky aliandika juu ya tabia hii ya kupima ubora kwa bei, akaeleza kuwa ina maana yake: hapana mtu awezaye kujua kila bidhaa, basi mnunuzi hudhani kuwa wengine wenye ujuzi wamekwisha kukipima kitu hicho, na bei ni jumla ya hukumu yao. Twakubali. Lakini twaongeza neno moja. Ikiwa na hao wengine nao wanatazama bei tu, basi hakuna aliyepima. Wote twafuatana gizani, kila mmoja kamshika mwenziwe shati, akidhani wa mbele ndiye mwenye taa.

Na tena njia hii yapitika upande mmoja tu. Kitu kizuri chaweza kuwa ghali. Lakini kilicho ghali si lazima kiwe kizuri. Bei yaweza kupanda kwa sababu barabara ni mbovu, kwa sababu muuzaji yuko peke yake mtaani, kwa sababu chombo kimepakwa rangi, au kwa sababu mwenye duka amekutazama viatu.

WAZEE WETU WALIPAPASA KWANZA

Wazee wetu wa Unyamwezi hawakudanganywa hivi kirahisi. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo. Kutoka hapo moja ilikwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa na nguvu katika njia ya magharibi hata alipofariki mwaka 1884, na misafara ilimlipa hongo ipate kupita. Siku hizo hongo ilikuwa ada ya njia, wala si haya tunayoyaita hongo leo.

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya. Richard Burton na John Speke walitoka pwani mwezi wa Juni 1857 wakafika Kaze, pale Tabora, mwezi wa Novemba. Burton aliandika kuwa shanga zilizopita katika biashara hiyo zilikuwa karibu aina 400, kila aina na jina lake. Watu wa bara walijua rangi waitakayo, ukubwa wautakao na mng'aro wautakao. Msafiri aliyekuja na shanga zisizotakiwa katika nchi aliyofika, alijikuta amebeba mawe. Haikumsaidia kusema kuwa alizinunua ghali Unguja.

Nguo iliyotamba ilikuwa merikani, shuka isiyopauliwa iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem. Marekani na Sayyid Said walikuwa na mkataba wa biashara tangu mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoikatiza pamba, merikani ikaadimika. Viwanda vya Uingereza, na baadaye vya Bombay, vikajaza soko kwa nguo za kuiiga. Jina likabaki merikani, na limebaki hata leo, ingawa nguo yenyewe haikutoka Marekani tena.

Na ilikuwa desturi katika viwanda vingi vya zama hizo kuitia nguo wanga na udongo mweupe ili ionekane nzito. Shuka ya namna hiyo ikifuliwa mara moja hubaki chandarua. Mtu anayetazama bei na chapa huinunua akashukuru. Mtu anayeshika nguo, akaivuta, akaisugua kati ya vidole, huona unga ukidondoka. Watu wa bara walikuwa na sifa ya kushika na kuvuta. Wageni wengi waliokuja wakidhani watauza chochote kwa watu wasiojua, waliandika kwa hasira kuwa watu hawa ni wateuzi mno.

Tena twaomba msomaji afikiri juu ya jambo moja. Joho la merikani lililonunuliwa Unguja lilipofika Tabora bei yake ilikuwa imepanda sana, kwa ajili ya mabega yaliyolibeba, chakula cha njiani na hongo za watemi. Bei imeongezeka, uzi haukuongezeka hata mmoja. Nguo ni ile ile. Huo ndio ushahidi mkongwe kabisa, wa hapa hapa kwetu, kuwa bei yaweza kusimulia habari za safari, wala isiseme neno juu ya kitu chenyewe.

BEI HUINGIA MPAKA ULIMINI

Huenda msomaji atasema: mimi sidanganyiki, mimi nikionja najua. Ndugu, ngoja kwanza. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford na Taasisi ya Teknolojia ya California, huko Marekani, walichapisha utafiti ambamo waliwapa watu 20 divai waionje, huku mashine ikitazama ubongo wao. Divai moja, ya dola 90, waliionjeshwa mara mbili: mara wakaambiwa ni ya dola 90, mara wakaambiwa ni ya dola 10. Walisema ile ya dola 90 ni tamu zaidi, na sehemu ya ubongo inayoshughulika na raha ilichangamka zaidi. Divai ilikuwa moja. Baadaye walipoonja bila kutajiwa bei, tofauti ile ikatoweka. Kwa hiyo hawakuwa wakisema uongo ili waonekane waungwana. Bei ilikuwa imeingia mpaka ulimini.

Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti mwingine wa Marekani, ambamo watu 82 walipewa kidonge kisicho na dawa yoyote ndani, wakaambiwa ni dawa mpya ya maumivu. Nusu waliambiwa kidonge kimoja ni dola 2.50, nusu waliambiwa kimepunguzwa mpaka senti 10. Katika wale wa bei kubwa, 85 katika kila 100 walisema maumivu yamepungua. Katika wale wa bei ndogo, ni 61 tu. Kidonge ni kile kile, na hakikuwa na kitu.

Jambo hili si la kucheka. Litazameni hapa kwetu. Mama amekwenda zahanati ya kijiji na mtoto mwenye homa. Amepimwa, amepewa dawa mseto kwa fedha kidogo au bure. Njiani jirani anamwambia: "Hizo za bure hazina nguvu, nenda duka la dawa ukanunue za ghali." Naye huacha dozi siku ya pili, akauza kuku, akanunua kitu kingine. Mtoto amekosa dozi kamili, na mama amekosa kuku.

Yampasa mama huyo aambiwe kuwa bei ndogo yaweza kuwa na sababu iliyo njema. Mwaka 2010 ulianza kutekelezwa mpango wa kimataifa wa kushusha bei ya dawa mseto katika nchi kadhaa, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo, na vifurushi vyake viliwekwa alama ya jani la kijani. Dawa ile ilikuwa rahisi kwa sababu mtu mwingine alikuwa amekwisha kulipa sehemu kubwa ya bei kiwandani, wala si kwa sababu ilikuwa na dawa pungufu. Tena dawa nyingi hushuka bei pindi muda wa hati ya mgunduzi unapokwisha na viwanda vingine vikaruhusiwa kuitengeneza. Sanduku limebadilika, jina limebadilika, dawa iliyo ndani ni ile ile. Linalostahili kuulizwa ni kama dawa imesajiliwa, kama tarehe yake haijapita, na kama aliyeiuza anaruhusiwa kuuza.

HOFU YA MKULIMA

Sasa twaja shambani, maana huko ndiko riziki ya watu wetu iliko. Mkulima akinunua mbegu au mbolea hanunui kitu cha kuonja leo. Ananunua ahadi ya miezi sita. Mbegu ikiwa ghushi, atajua wakati mvua zimekwisha kwenda zake. Hofu yake basi ni ya haki. Huko Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima mbegu za mahindi chotara na mbolea zilizonunuliwa madukani, ukakuta mbolea imepungukiwa karibu asilimia 30 ya naitrojeni yake, na mbegu nyingi hazikuwa zile zilizoandikwa mfukoni. Kwa hiyo asiambiwe mkulima kuwa anaota.

Lakini huku kwetu, mkoani Morogoro, wataalamu walipima mbolea ya urea madukani, na matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Wakulima wengi waliamini kuwa mbolea hiyo imechakachuliwa. Vipimo vikaonyesha kuwa karibu yote ilikuwa na nguvu inayotakiwa. Kilichowatia watu shaka kilikuwa sura: mabonge, vumbi, rangi isiyopendeza. Mbolea nzuri ilikuwa inakataliwa kwa uso wake, kama asali ya yule mzee.

Tukiziweka habari hizi mbili pamoja twapata fundisho kubwa. Penye mbegu mbovu, mkulima hakujua. Penye mbolea nzuri, mkulima hakujua. Macho hayakumsaidia, na bei haikumsaidia. Mjanja anayetaka kuuza mbegu ghushi hataiuza nusu bei, maana ajua kuwa nusu bei itamfichua. Ataiuza sawasawa na halali, au juu kidogo, na mnunuzi atakwenda akijipongeza kuwa hakuwa bahili. Mdanganyifu hujificha ndani ya bei kubwa kwa sababu ndiyo mahali ambapo hatumtafuti.

Wala tusieleweke vibaya. Hatusemi mtu akimbilie kila kilicho rahisi. Iko rahisi inayomla maskini polepole: kiatu cha miezi miwili, betri ya siku tatu, jembe linalopinda katika udongo mkavu. Anayenunua jembe bovu mara tatu amelipa kuliko aliyenunua zuri mara moja. Tunalosema ni kuwa bei ndogo haithibitishi ubovu, na bei kubwa haithibitishi wema. Zote mbili zinyamazishwe kwanza mpaka kitu chenyewe kisemeshwe.

SOMO LA KARANGA

Hapa Urambo tunayo kumbukumbu ya fedha kubwa kuliko zote. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, katika sehemu tatu: Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo. Walikusudia mamilioni ya ekari. Zililetwa mashine za kila namna, na hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na paundi milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea.

Wanyamwezi walikuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono zamani kabla ya mashine hizo. Walijua udongo upi hugeuka jiwe jua likiwaka, na mvua ya mwezi upi si ya kuaminika. Ujuzi huo ulikuwa rahisi. Kwa hiyo haukuulizwa. Ukubwa wa fedha ulichukuliwa kana kwamba ni ushahidi wa akili. Katika nchi hii tumewahi basi kuona kosa la yule mgeni wa asali likifanywa na dola nzima: kilicho ghali hakihojiwi.

DARAJA HUTANGULIA BEI

Baada ya karanga, ardhi ya Urambo ilijaribiwa kwa tumbaku, na tumbaku ikashika. Leo mkulima wa Urambo anaijua kazi hiyo usiku na mchana: kitalu, kupandikiza, kuchuma majani kuanzia ya chini, kuyatundika banini, kuchochea moto bila ya kusinzia. Kisha huketi na jamaa zake kuyapanga majani. Jani la chini na jani la juu hayalingani. Rangi ya manjano safi na rangi ya kahawia hazilingani. Lenye madoa, lililochanika, lililobaki na ukijani, kila moja lina fungu lake. Siku ya soko mteuzi huchomoa majani katika mtumba, huyakunjua, hutazama, hunusa, hutaja daraja. Daraja likisha tajwa ndipo bei hufuata, maana kila daraja lina bei yake iliyopangwa.

Malalamiko juu ya uteuzi huo si haba, nasi hatutaki kuyafunika. Mkulima anapoona jani lake limeteremshwa daraja bila haki, yampasa aseme, na chama chake cha ushirika kimsemee. Lakini tazameni mpango wenyewe. Hakuna mnunuzi wa tumbaku anayeuliza bei kwanza ndipo ajue kama jani ni zuri. Jani hupimwa, kisha hupewa bei. Daraja hutangulia bei.

Sasa twamwuliza ndugu yetu mkulima: wewe ambaye mwaka mzima hukubali kuwa jani lipimwe kwa macho, kwa mkono na kwa pua kabla ya kutajwa senti, kwa nini ukisha lipwa na kuingia dukani unaigeuza kanuni? Pale mizani unakuwa mwanafunzi wa daraja; pale dukani unakuwa mateka wa bei. Wanaonunua kwako hawakuruhusu ujipangie ubora kwa kutaja bei. Nawe usiwaruhusu wanaokuuzia.

Na iko kasumba moja inayokaa juu ya haya yote, nayo ni ya kudhani kuwa kilichotoka ng'ambo ni ghali kwa kuwa ni bora, na cha kwetu ni rahisi kwa kuwa ni duni. Asali ya miyombo ikisafiri ikatiwa katika chupa ya kioo yenye karatasi ya dhahabu, hurudi kwetu ikiwa bwana. Ni yule yule mtoto wetu, ila amevaa koti.

YATUPASA TUFANYE NINI

Maneno matupu hayavunji mfupa. Twasema haya kwa wenye asali kwanza, maana Tabora yajulikana kwa asali, na tunao hata chuo cha ufugaji nyuki.

La kwanza, toeni asali iliyoiva. Nyuki wakisha punguza maji ya asali huliziba sega kwa nta. Sega lisilozibwa liacheni. Kiwango cha kimataifa cha Codex chataka maji yasizidi asilimia 20 katika asali ya kawaida. Asali yenye maji mengi huchacha, ikamwaibisha aliyeiuza na majirani zake wote. Kipimo cha maji ni chombo kidogo kinachokaa kiganjani; kikundi chaweza kukinunua kwa kuchanga.

La pili, uzeni kwa uzito. Lita moja ya asali ina karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni karibu kilo 28. Anayelipia ndoo hiyo kama kilo 20 amekwisha kuchukua kilo 8 bure kabla hata hamjaanza kupatana. Huyo ndiye mtu anayewaambia kuwa bei yenu ni kubwa.

La tatu, mwelezeni mnunuzi. Mwambieni kuwa asali kuganda si dalili ya sukari. Asali halisi nyingi huganda kwa tabia yake. Mwambieni kuwa weusi wake hutokana na maua. Mwambieni pia kuwa njia za mtaani za kujaribu, kama kuwasha kijiti cha kibiriti kilichochovywa au kudondosha tone katika maji, hazithibitishi kitu. Na asali ya nyuki wadogo ikiwa ghali, elezeni sababu yake, kuwa mzinga wao hutoa kidogo sana. Bei yenye sababu husimama. Bei isiyo na sababu huomba.

La nne, unganeni. Mzee mmoja chini ya mwembe hawezi kushinda shaka ya mgeni. Lakini kikundi chenye alama moja, chenye daftari la kuonyesha asali imetoka kijiji gani na msimu gani, kilichopimwa na kupewa alama ya Shirika la Viwango, chaweza kutaja bei yake bila kuinamisha kichwa. Hapo bei itakuwa imefuata daraja, kama ilivyo haki.

Na kwa wanunuzi, ambao ndio sisi sote, twasema: ulizeni maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Kitu hiki kimetoka wapi? Nani amekipima? Kikiharibika namwona nani? Mbegu iwe na lebo ya taasisi ya uthibiti wa mbegu. Mbolea itoke kwa muuzaji aliyesajiliwa. Risiti ichukuliwe na itunzwe, maana mkulima asiye na risiti hana shahidi. Na atakayemtilia shaka mwenye bei ndogo, amtilie shaka na mwenye bei kubwa kwa kipimo hicho hicho. Haki ni kuitikisa chupa zote mbili.

Kwa wenye mamlaka twasema kuwa mwananchi wa kijijini hana maabara. Kupima mbegu, mbolea na dawa mpaka katika maduka ya vijijini, na kutangaza matokeo kwa lugha anayoielewa, ni kazi ya serikali, nayo sharti ifanywe. Pasipo na kipimo cha kuaminika, watu watashika bei, kama mtu anayezama anavyoshika unyasi.

Tena twawaonya ndugu zetu watoaji asali. Siku heshima itakaporudi na bei ikapanda, msije mkageuka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndoo moja yenye sukari, ikigunduliwa Dar es Salaam, yaweza kulifunga jina la wilaya nzima. Sifa haikopeshwi mara mbili.

Yule mzee chini ya mwembe yungali amekaa, na treni itapita tena. Siku mgeni atakapoinua chupa yake akauliza imetoka kijiji gani na imepimwa na nani, naye mzee akamjibu bila haya na kumwonyesha alama ya kikundi chake, hapo tutakuwa tumefanya kazi. Bei watapatana baadaye, kama watu wawili wanaoheshimiana.